Barua ya wazi: Kabla ya kuchagua kalavati, pimeni maji ya ng'ambo

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia barabara kuu, na kwenu mnaosimamia mipango ya ardhi na mitaro ya mitaa,

Salamu nyingi. Siku ya mkutano wa kujadili mafuriko ya bonde letu mlibandika michoro minne ukutani, mkatuuliza tunaupenda upi. Wa kwanza ulikuwa wa kalavati kubwa (bomba la kupitisha maji) chini ya barabara, wa pili wa kujaza bonde kifusi, wa tatu wa pampu, wa nne wa bwawa la kuchelewesha maji. Mlipotaka tunyooshe mikono, karibu ukumbi mzima ulinyoosha kwa kalavati. Na mimi nilinyoosha. Naandika leo kuushusha mkono wangu hadharani, kwa sababu niliunyoosha hadharani.

Mimi ni fundi mwashi, si mhandisi. Nyumba yangu iko bondeni, upande ambao tuta la barabara kuu limetupa mgongo. Kabla ya tuta, maji ya mvua yalikuwa yanapita hapa yakiwa yametandazika, kina cha kifundo cha mguu, yakielekea mtoni bila kumuuliza mtu. Tuta lilipokuja likayakusanya yote na kuyaelekeza kwenye tundu moja. Kwa maneno ya kifundi, tulijengewa bwawa bila mtu yeyote kulichora kama bwawa.

Sasa niwaeleze kilichonibadilisha mawazo. Katika mvua kubwa ya mwisho nilisimama juu ya tuta, nikiangalia mdomo wa kalavati letu. Maji yalikuwa yameshafika karibu na dari ya bomba. Ikatokea kandambili ya bluu. Nilidhani inaingia, kumbe inatoka. Ilitoka gizani mle ndani, ikazunguka mara mbili kwenye povu, ikaelea mpaka kwenye ua wangu na kukwama kwenye michongoma. Ile kandambili haikuwa ya upande wetu. Ilikuwa inatoka ng'ambo ya barabara, na maji yaliyoileta pia.

Maji yalipokauka nikachukua mpira wa kupimia usawa. Kila fundi anaujua: mpira mweupe unaoonyesha ndani, unaujaza maji mpaka kusibaki hata kapovu kamoja, na ncha zake mbili hata zikitenganishwa na ukuta au na barabara, maji yake hukaa usawa mmoja. Tuliupitisha ndani ya kalavati, mimi upande huu na kijana wangu upande ule, tukipigiana simu kwa sababu malori yalikuwa yanatupigia kelele juu ya vichwa. Nilipata mambo matatu. Sakafu ya kalavati iko juu kuliko sehemu ya chini kabisa ya bonde kwa zaidi ya shibiri. Nusu ya bomba imejaa tope gumu lililoota nyasi. Na alama ya maji iliyobaki kwenye nguzo ya ng'ambo ilikuwa juu kuliko alama iliyobaki kwenye ukuta wangu, kwa upana wa kiganja.

Hilo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi.

Wengi wetu tunaamini maji hufuata mteremko wa bomba. Ndani ya bomba lililozama mbele na nyuma, sivyo. Maji hutoka penye uso wa juu kwenda penye uso wa chini, basi. Mnaweza kulaza bomba lenu kwa mteremko mzuri kabisa kuelekea ng'ambo, lakini uso wa maji wa ng'ambo ukiwa juu kuliko wetu, maji yatapanda mteremko huo huo kurudi kwetu. Mto unaopokea maji yetu ulikuwa umejaa siku ile, ukaurudisha nyuma mtaro wa ng'ambo, na mtaro ukaturudishia sisi. Kalavati likiwa pana maradufu, litaturudishia kwa upana huo huo.

Sisemi kalavati kubwa ni upuuzi. Hesabu za kitabuni ziko upande wake, na nimejifunza kuzifanya. Kuna kanuni ya kukadiria maji yanayopita bombani au mtaroni, ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889, na inatumika mpaka leo dunia nzima. (Nimesoma kwamba Manning hakupata shule rasmi ya uhandisi, alianzia kwenye mambo ya hesabu za fedha. Ilinitia moyo.) Kwa kanuni hiyo, bomba la zege la milimita 600 lililolazwa kwa mteremko wa 1 kwa 500 (mita 1 ya kushuka kwa kila mita 500) linapitisha lita kama 270 kwa sekunde likijaa. La milimita 1,200 kwa mteremko huo huo linapitisha lita kama 1,700. Kipenyo mara mbili, uwezo zaidi ya mara sita. Nani asinyooshe mkono? Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba maji ya upande wa kutokea yamekaa chini na yanaondoka. Siku ya kandambili hayakuwa yanaondoka.

Kanuni hiyo hiyo inasema jingine kuhusu bomba tulilonalo. Bomba la duara likijaa tope hadi nusu, mtu hudhani limebaki na nusu ya uwezo. Hapana. Nafasi imepungua kwa nusu, na juu ya hapo maji yaliyobaki yanasuguana na sakafu pana ya tope, kwa hiyo kinachopita ni kama theluthi moja tu ya kile cha bomba safi. Na hapo hatujahesabu nyasi. Kwa hiyo kabla hatujalaumu udogo wa kalavati la zamani, kuna swali la aibu kidogo: je, tumewahi kuliona likifanya kazi yake kamili? Mimi nimeishi hapa miaka mingi, na sijawahi kuona mtu wa koleo ndani yake isipokuwa vijana wa mtaa waliojitolea.

Kwa nini linajaa tope? Kwa sababu sakafu yake iko juu kuliko bonde. Maji yanafika pale yamechoka. Maji yanayokwenda chini ya sentimita 60 kwa sekunde huanza kuangusha mchanga yalioubeba. Yakienda kasi zaidi hujisafishia njia yenyewe. Aliyelaza bomba lile alilaza kwa urahisi wa kujenga tuta, si kwa kufuata mkondo wa ardhi. Mkitaka kulilaza upya, na nadhani mnapaswa, liwe chini, mdomo wake ufikie sehemu ya chini kabisa ya bonde, ilimradi ng'ambo kuwe na pa kutokea. Najua hoja ya kufunga barabara kuu kwa ajili ya kuchimba. Siku hizi bomba husukumwa chini ya tuta kwa jeki, kipande baada ya kipande, magari yakiendelea kupita juu. Hata pasipowezekana hivyo, huchimbwa nusu ya barabara kwa zamu. Kwa hiyo msituambie haliwezekani. Semeni linagharimu, tutaelewana.

Nije kwenye kifusi, mchoro wa pili. Huu unapendwa na wenye viwanja vitupu, na nawaelewa. Lakini tuhesabu. Kuinua hekta 1 kwa mita 1 kunahitaji mita za ujazo 10,000 za udongo. Ni safari 1,000 za lori la mita za ujazo 10, na zaidi kidogo kwa kuwa udongo ukishindiliwa hupungua. Sasa geuzeni hesabu hiyo. Kila lori likimwaga kifusi bondeni, linafukuza ujazo ule ule wa maji uliokuwa unalala pale wakati wa mvua. Mita za ujazo 10,000 za maji zitakwenda kulala kwa jirani, na jirani mwenyewe ni wa upande wa nyumba zilizojengwa zamani, ambazo sakafu zake hazipandishiki. Kuna na la ufundi pia. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi laini uliolowa. Ukiubebesha mzigo, hauketi siku moja. Unazama kidogo kidogo kwa miaka, na hauzami sawasawa. Nimeitwa kuziba nyufa za nyumba zilizojengwa juu ya kifusi cha namna hiyo. Nikiziba leo, mwenye nyumba ananipigia tena kabla rangi haijachakaa. Mchoro huu ungefaa kwa sakafu ya nyumba moja moja, kila mtu akiinua msingi wake na kuacha uwanja ulivyo. Kujaza bonde zima ni kuhamisha mafuriko na kuyaita maendeleo.

Pampu nitazipita haraka. Kuinua mita za ujazo 1.5 za maji kila sekunde kwa kimo cha mita 3 kunahitaji nguvu ya kilowati 44 kwa maji peke yake, na ukijumlisha upotevu wa mota na pampu unafika 60 na kitu. Inawezekana, zipo nchi nzima zinazoishi kwa pampu, Uholanzi ikiwa ya kwanza. Lakini umeme hukatika usiku wa dhoruba, si siku ya jua, na pampu iliyokaa miezi sita bila kuwashwa ina tabia ya kugoma siku inayohitajika. Kama mtaziweka, ziwe za akiba, pamoja na jenereta na mtu mwenye jina na zamu. Zisiwe ndiyo mfumo wenyewe.

Kwenye mkutano mzee mmoja wa safu ya nyuma alipendekeza visima vya kunyonya maji: mashimo yaliyojazwa kokoto, maji ya mapaa yanaingia humo na kuzama ardhini. Mlimkatisha. Naomba mrudi kwake, ila si kwa hapa bondeni. Hapa chini, msimu wa mvua nikichimba msingi, maji ya ardhini nayakuta kabla sijafika kiunoni. Shimo la kunyonya lililokwisha kujaa maji kutoka chini halinyonyi kitu. Kwa kawaida hutakiwa angalau mita 1 ya udongo mkavu kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini. Lakini juu kule, kwenye mwinuko ambako mapaa na sehemu za kuegesha magari zimeongezeka, udongo ni wa kichanga. Kipimo chake ni cha kawaida: chimba shimo, lijaze maji, liache lilowe, lijaze tena, kisha hesabu yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Kipimo hicho kifanywe wakati wa mvua. Kikifanywa kiangazi kitadanganya, na anayekifanya kiangazi kwa makusudi naye anadanganya.

Maana chanzo cha shida yetu kipo juu kule, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu moja ya mfano. Chukueni hekta 10 za mwinuko. Mvua ya milimita 60 kwa saa ikizinyeshea, hizo ni mita za ujazo 6,000 za maji ndani ya saa hiyo. Ardhi ikiwa ya nyasi na miti, inaweza kuachia kama tatu ya kumi tu ya mvua itiririke, nyingine ikazama. Mtiririko wake unakuwa nusu mita ya ujazo kwa sekunde. Izibeni ardhi hiyo hiyo kwa mabati, zege na lami, tisa ya kumi itatiririka: mita moja na nusu ya ujazo kwa sekunde. Mvua ni ile ile, bonde ni lile lile, maji mara tatu. Na yanafika mapema zaidi, kwa sababu lami haina nyasi za kuyachelewesha.

Barabara yenyewe ni mchangiaji, ingawa michoro yote minne inaihesabu kama mtazamaji. Kilomita 1 ya barabara yenye upana wa lami wa mita 20 ni hekta 2. Kwa mvua ile ile ya mfano inatiririsha lita 300 kwa sekunde. Linganisheni na bomba la milimita 600 nililolitaja juu: kilomita moja ya lami peke yake inalijaza na kulizidi, kabla nyumba hata moja haijachangia tone. Na maji ya lami si ya kunywesha mtu. Yana mafuta, yana vumbi la matairi lenye zinki na la breki lenye shaba, na makali yake yako kwenye maji ya mwanzo ya mvua. Hayo yanashukia visima vyetu.

Ndiyo maana mkono wangu sasa uko kwenye mchoro wa nne, ule ambao ukumbi uliucheka. Bwawa la kuchelewesha maji. Sehemu kubwa ya kicheko ilitokana na jina, watu wakaona bwawa lenye vyura na mbu mwaka mzima. Linalozungumzwa ni uwanja mkavu uliochimbwa ukawa kama sahani, unaota nyasi, watoto wanacheza mpira humo siku nyingi za mwaka. Mvua kubwa ikija, maji yanaingia na kutoka kwa tundu dogo lililopimwa.

Tuendelee na mfano ule. Katika saa ile ya mvua zinatiririka mita za ujazo 5,400. Tundu likiachia nusu mita ya ujazo kwa sekunde, yaani kiasi kile kile ardhi ilichokuwa inaachia kabla ya mabati, zitatoka 1,800 na kubaki 3,600. Kwa kina cha mita 1.2, hizo zinahitaji eneo la mita za mraba 3,000. Ni asilimia 3 tu ya zile hekta 10. Mvua ikikatika, maji yanamalizika kwa saa kama nne, kwa kuwa kasi hupungua kadiri kina kinavyoshuka. Yai la mbu huchukua kama wiki moja au zaidi kuwa mbu anayeruka. Maji yanayoondoka ndani ya siku mbili hayamlei. Mbu tunao sasa, wanalelewa na ile shibiri ya maji yaliyotuama chini ya mdomo wa kalavati mwezi mzima.

Lakini, Waheshimiwa, hapa ndipo kandambili inarudi. Hesabu hiyo ya 3,600 inafaa kama tundu linaweza kuachia maji muda wote. Mto ukiwa umejaa na kufunga njia, hakuna kinachotoka, na bwawa linapaswa kubeba zile 5,400 zote peke yake, mara moja na nusu ya ukubwa wa mwanzo. Nimeangalia mchoro wenu wa nne kwa miwani na bila miwani. Umechorwa kana kwamba ng'ambo ni pakavu daima. Mkilijenga hivyo litashindwa siku ile ile kalavati kubwa litakaposhindwa, watu watasema bwawa halifai, na wenye kifusi watarudi wakitembea kifua mbele.

Ninachoomba, basi, ni mchanganyiko. Bwawa liwe upande wa juu, kabla maji hayajafika kwenye nyumba, na lipimwe kwa siku ambayo mto umefunga njia. Kalavati lilazwe chini zaidi na lisiwe kubwa kupita kiasi. Upande wake wa ng'ambo lifungwe mlango wa kujifunga wenyewe, lile bati zito linaloning'inia ambalo maji ya kwetu yanalisukuma na maji ya kurudi yanalibana. Mlango huo una ugonjwa wake: kijiti kimoja kikikwama kwenye ukingo, haufungi tena. Basi kuwe na wavu wa nondo zilizoinama mbele ya bomba upande wetu, mbali kidogo na mdomo, wenye eneo kubwa kuliko tundu, ili takataka zikipanda wavu maji yaendelee kupita chini yake. Wavu uliosimama wima palepale mdomoni ni kizibo, na mtoto akivutwa na maji pale hawezi kujinasua. Kingo za bwawa nazo ziwe za kulala, mita 4 za kwenda kwa mita 1 ya kushuka, ili anayetumbukia aweze kutoka kwa miguu yake.

Mitaro ya pembeni mwa barabara, iacheni iwe mipana, mifupi kwa kina, na ya nyasi. Najua mtaro wa zege unapendeza kwenye picha ya uzinduzi, na mimi mwenyewe nimeshalipwa kuijenga mingi. Ila kwa bonde letu zege linafanya kazi moja tu: kutufikishia maji upesi zaidi. Zege liwe pale panapomomonyoka, kwenye mteremko mkali na mahali maji yanapotoka bombani yakiwa na hasira.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye mchoro wowote, nalo ni mvua inayozidi mchoro. Kwenye mkutano mlisema mfumo utahimili mvua ya miaka 10, na nikaona watu wakihesabu vidole, wakidhani wamepewa amani mpaka mwaka wa kumi. Mvua ya miaka 10 ni ile yenye nafasi ya moja kwa kumi kila mwaka, hata mwaka unaofuata. Katika miaka 10, uwezekano wa kuiona au kuona kubwa kuliko hiyo angalau mara moja ni kama asilimia 65. Na zipo za kutisha zaidi. Tarehe 20 Julai 2021, mjini Zhengzhou, China, ilinyesha milimita 201.9 ndani ya saa moja, na magari yakazama ndani ya handaki la barabara ya mwendo kasi. Siwaombi mtujengee kwa kipimo hicho. Wala siwaombi handaki kama la Kuala Lumpur, lililofunguliwa mwaka 2007, kilomita 9.7, ambalo siku za kawaida sehemu yake ni ya magari, na mvua ikizidi magari hutolewa likaachiwa maji. Nawaomba kitu cha bei ya penseli: chorani mstari unaoonyesha maji yatapita wapi mfumo ukishazidiwa.

Zamani mstari huo ulikuwepo bila kuchorwa. Maji yakizidi sana yalivuka barabara mahali ilipobonyea kidogo, mita kama 200 kutoka kwangu, magari yakasimama saa moja, nyumba zikapona. Mlipopanua barabara mliinua pale pabonde, kisha mkaweka ukuta wa zege wa kutenganisha magari yanayokwenda na yanayorudi, mrefu, bila pengo. Kwa usalama wa magari ni jambo jema. Kwetu sisi, ukuta ule ulipandisha kimo cha bwawa. Toboeni matundu chini yake pale penye bonde, au pachaguliwe sehemu ambayo maji yataruhusiwa kuvuka. Msipochagua nyinyi, maji yatachagua, na yatachagua sebule ya mtu.

Wala msidhani tunaomba hisani. Maji yanayosimama kwenye mguu wa tuta yanapanda ndani ya udongo unaobeba lami. Udongo ukilowa hupoteza nguvu, malori yakipita yanausukuma na kuuachia kama sifongo, chembe ndogo zinatoka na maji, lami inapasuka juu. Tazameni viraka vya barabara yenu karibu na bonde hili, kisha tazameni kilomita moja mbele ambako ni mwinuko. Mnalipia mafuriko yetu tayari, kwa lami.

Lililobaki ni la kwenu kwa kwenu. Mtaro kati ya barabara na nyumba zetu ni yatima. Nikiwauliza watu wa barabara, wananiambia hifadhi yao inaishia kwenye nguzo, mtaro uko nje. Nikiwauliza watu wa mitaa, wananiambia mtaro ni wa barabara, wao wanaanzia kwenye ua. Nimepima: nguzo iko ukingo mmoja wa mtaro, ua uko ukingo wa pili, na mtaro wenyewe uko katikati, hauna baba. Bwawa, mlango na wavu vyote vitakufa kifo hicho hicho kama karatasi haitaandika nani anafagia wavu kila baada ya mvua, nani anazoa tope la bwawa kila mwaka, na nani anapigiwa simu usiku. Andikeni kabla ya zabuni, maana baada ya utepe kukatwa hakuna anayeandika.

Kabla ya kumwita mkandarasi, basi, tuleteeni namba hizi tu, kwa maandishi: uso wa maji wa ng'ambo ulifika kimo gani siku ya mafuriko makubwa, sakafu ya kalavati itakuwa kimo gani ukilinganisha na sehemu ya chini kabisa ya bonde, na ni mita ngapi za ujazo zitahifadhiwa upande wetu wakati njia imefungwa. Mchoro wowote utakaojibu maswali hayo nitaukubali, hata kama si huu niliouchagua.

Kwa upande wangu nimepigilia mbao mbili zenye alama kila sentimita 5, moja kwenye ukuta wangu na moja kwenye nguzo ya ng'ambo, na sifuri zake nimezilinganisha kwa ule mpira. Nimeshaandika mvua sita kwenye daftari. Kwa mbili kati ya hizo, ubao wa ng'ambo ulisoma juu kuliko wangu. Mhandisi wenu anakaribishwa kuzikagua, na mpira nitamwazima. Ila aje na buti, na aje mvua ikiwa inanyesha. Jua likiwaka, bonde hili linaonekana mahali pazuri sana pa kupimia viwanja.

Wenu,
Fundi mwashi wa bondeni